Airisi za Kijapani zisipewe chokaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge ushauri unaotolewa kwa wapenda bustani kwamba airisi, maua ya bustani, za kila aina ziwekewe chokaa, majivu na unga wa mifupa. Airisi zenye ndevu, yaani zenye vinyweleo kwenye petali, ambazo wahenga wake wengi ni maua ya nchi za Mediterania, huvumilia chokaa na hupendelea udongo usiotuamisha maji. Lakini airisi za Kijapani, ambazo huwavuta watu kila mwezi wa Juni katika bustani ya Meiji Jingu mjini Tokyo, asili yake ni malisho yenye unyevu, nazo hutaka udongo wenye tindikali kiasi, yaani pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali inapozidi) ya 5.5 hadi 6.5. Chokaa ikiipandisha pH hiyo, madini ya chuma yaliyomo udongoni hayayeyuki vya kutosha, mizizi huyakosa, na majani machanga huwa ya manjano. Hapo mwenye bustani, akidhani mmea una njaa, huongeza majivu, nayo huzidi kuipandisha pH.

Miongoni mwa mbolea zinazopatikana katika maduka yetu ya pembejeo, mimi ningechagua SA (salfeti ya amonia), yenye nitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, kwa sababu bakteria wa udongoni wanapoigeuza amonia yake kuwa naitreti, tindikali huongezeka. CAN, mbolea nyingine ya nitrojeni, ina chokaa ndani yake. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu, ambayo naiheshimu sana katika mashamba ya mahindi ambayo udongo wake una tindikali nyingi, nayo ina kalsiamu nyingi mno kwa maua haya. SA peke yake haina fosforasi wala potasiamu, hivyo iambatane na samadi iliyooza barabara, tena itiwe kidogo kidogo na kumwagiliwa mara moja, na mche uliopandwa karibuni usiwekewe hata chembe mpaka ushike mizizi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaliulizi, nalo ni maji. Kwetu Arusha maji ya visima vingi yana magadi, ambayo hupunguza tindikali, na anayemwagilia kwa maji hayo msimu mzima wa kiangazi anaibatilisha kazi ya mbolea aliyoinunua. Afadhali akinge ya mvua. Asiye na hakika na udongo wake aupeleke kwanza ukapimwe, kwani SA ikirundikwa mahali ambapo pH tayari iko chini ya 5 itaiunguza mizizi ileile tunayotaka kuilisha.

Mkulima wa maua,
Arusha