Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Diwani: Yuko Wapi Mkalimani wa Kiswahili?

Mheshimiwa Diwani,

Salamu nyingi. Natumaini Jumanne baada ya kikao ulilala salama. Sisi hatukulala.

Ulipokuja kanisani kwetu hapa Texas, Marekani, kuomba kura ulikula sambusa tatu (nilikuwa napakua mimi), ukasema "asante sana", tukakupigia makofi. Ukaahidi kila kikao cha wapangaji kitakuwa na mkalimani wa Kiswahili. Huu ni mwaka wa pili. Jumanne tuliitwa kuzungumzia ukungu unaokula kuta za nyumba zetu. Wenzetu Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walipewa hedifoni mlangoni, mkalimani wao yuko mbele. Sisi tulielekezwa viti vya nyuma. Nikawa namnong'onea jirani yangu, mama wa watu kutoka Uvira, Kongo, ambaye mwanawe ana pumu, hadi mlinzi akaja kuniambia ama ninyamaze ama nitoke. Mzee mmoja wa Honduras akaona haya kwa niaba yako, akamvisha mama yule hedifoni yake. Basi akakaa anasikiliza Kihispania.

Nisieleweke vibaya, sina kinyongo na Walatino. Mihogo na ndizi za kupika nanunua kwao. Sensa ya 2020 iliwahesabu milioni 62.1 nchi nzima, na hapa Texas walikuwa asilimia 39.3, Wazungu wasio Walatino 39.7. Nguvu hiyo hawakuiokota njiani. Mwaka 1974, San Antonio, Willie Velásquez, mwanaharakati wao, alianzisha kazi ya kuandikisha wapiga kura. 1981 mji ule ukamchagua Henry Cisneros, Mlatino, kuwa meya. Katikati hapo, 1975, Bunge la Marekani liliamuru penye wengi wao karatasi za kura ziwe na Kihispania pia. Wenye maduka na benki nao wakaona wateja, wakabadilisha vibao.

Sheria hiyo ya 1975 nimeisoma. Inawataja wenye asili ya Kihispania, Waasia, Wenyeji wa Marekani na wa Alaska. Lugha za Afrika hazimo, hata tukifika elfu kumi. Ni sheria ya uchaguzi, najua, lakini nahisi wasaidizi wako wamejifunzia humo kwamba sisi si wa lazima. Au pengine ni kwa kuwa wengi wetu bado hatuna uraia. Mimi ninao, Mheshimiwa. Kura yangu uliipata. Na ahadi hukuitoa kwa kulazimishwa na sheria, uliitoa kwa mdomo wenye sambusa.

Kikao kile kilinila zamu mbili za usiku ghalani. Moja ni ya Jumanne yenyewe. Ya pili ni ya Jumatano, maana mchana wake wote, badala ya kulala, nilikuwa na mama yule ofisini kwenu, kwenye foleni, tuulize barua aliyoletewa inasemaje, asije akawa anafukuzwa. Mimi miwani yangu niliisahau nyumbani. Ilikuwa taarifa ya kikao cha Jumanne, Kiingereza upande huu, Kihispania upande ule. Zamu hizo mbili zimetoka kwenye pesa ya kodi, na mwenye nyumba hakopeshi kwa lugha yoyote.

Siombi hedifoni. Ukungu wenyewe nitausugua kwa dawa ya madoa kama nilivyozoea. Naomba mkalimani. Mmoja. Kikao kijacho ni mwezi ujao. Hata akija kwa saa moja, mkalimani mmoja tu, Mheshimiwa, wa Kiswahili. Mwambie atatukuta viti vya nyuma.

Wako,
Mzaliwa wa Tanga, mpangaji wa ghorofa ya pili