Baba alijua kabla hatujamwambia

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaouguza.

Baba yangu, mkulima wa machungwa hapa Muheza, aliugua saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa. Daktari wa hospitali moja Dar es Salaam alituita pembeni mimi na kaka, akasema ugonjwa hauzuiliki tena, tuulizie tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyeponyeka. Baba alikuwa kakaa kwenye benchi, hatua chache tu kutoka tuliposimama. Tukamwambia ni baridi yabisi. Shangazi alishikilia, "Mkimwambia mtamuua." Hiyo shufaa nayo hakutaka kuisikia; kwake ilikuwa ni kumtupa mgonjwa.

Miezi mitatu tukaishi hivyo. Usiku baba anauma shuka asilie, sisi tunampa panadol.

Siku moja namkanda miguu barazani, akaniambia, "Mwanangu, mchungwa ukinyauka mwenye shamba ndiye wa kwanza kujua. Mnanificha nini?"

Nikamweleza, huku nalia. Kisha nikamuuliza anaogopa nini. Nilidhani atasema kifo. Akasema ni maumivu ya usiku, na kurudishwa Dar akafie ugenini. Halafu akataja deni la miche, shilingi elfu sitini, na mdogo wetu aliye Mwanza: aitwe upesi, wazungumze angali na sauti.

Kesho yake nikamtafuta muuguzi wa tiba shufaa. Alikuja na mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, chupa ndogo tu, akanifundisha kuipima kwa bomba la sindano kila baada ya saa nne, na ya kulalia kuizidisha kama alivyoelekeza. Akaacha na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Usiku wa pili baba alilala hadi adhana ya alfajiri.

Shangazi aliyaita mambo ya Wazungu. Lakini Nairobi wana hospisi, yaani kituo cha tiba hiyo, tangu 1990, Kampala tangu 1993, na muuguzi aliyekuja kwetu alimsalimu baba kwa Kibondei.

Madaktari, nawasihi: semeni na mgonjwa mwenyewe, mketi naye, msituachie watoto mzigo huo koridoni. Nawe Mhariri, waelezee wasomaji tiba shufaa ni nini, kwa Kiswahili chepesi cha kumfikia shangazi yangu.

Baba aliishi wiki sita baada ya siku ile. Mdogo wetu aliwahi. Deni la miche baba alililipa kwa mkono wake. Inayoniuma ni ile miezi mitatu ya mwanzo.

Binti wa mkulima,
Muheza, Tanga