Kulipita lori mlimani ni kucheza na roho za watu

Mhariri,

Dereva wa basi nililopanda wiki iliyopita aliamua kulipita lori kwenye mwinuko, tena palipochorwa mstari usiokatika. Mara gari dogo likaibuka mbele yetu. Dereva wake alilitupa kwenye changarawe, kioo chake cha pembeni kikang'olewa na ubavu wa basi. Hatukusimama hata kidogo. Abiria mmoja alipofoka, wenzake wakamnyamazisha, eti tutachelewa!

Magari mawili yakielekeana, kila moja kwa kilomita 100 kwa saa, hukaribiana takriban mita 56 kila sekunde. Hapo breki gani itakusaidia?

Wenye mabasi waandike namba ya malalamiko ndani, abiria aione akiwa kitini. Ikiwa nyuma ya basi sisi tutaisomaje?

Abiria