Fundi aonyeshe ushahidi kabla ya kusema kadi ya Wi-Fi imekufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linalowatoa watu fedha bila sababu hapa Tabora. Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, baadhi ya wenye kompyuta za zamani zisizokidhi masharti ya Windows 11 wamekuwa wakiwekewa Linux, mfumo endeshi huria unaotumika badala ya Windows, na hilo ni jema. Tatizo huanza pale mfumo mpya unapowaka vizuri na sauti ikatoka, lakini orodha ya mitandao ya Wi-Fi ikabaki tupu. Hapo mteja huambiwa kwamba kadi imekufa, kisha huuziwa nyingine ya kuchomeka kwenye tundu la USB, au hurudishiwa Windows ya wizi. Hospitalini hakuna daktari anayekata mguu kwa sababu tu mgonjwa anachechemea, lakini kwa mafundi wenzangu hukumu ya namna hiyo hutolewa hata kabla amri moja haijaandikwa.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Isevya, na kadi zilizokufa kweli ni chache kuliko zile zilizokosa draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuiendesha kadi, au fimuwea, yaani programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Hivi karibuni kijana mmoja alinijia na laptopu iliyokwisha kuhukumiwa katika duka moja la mjini. Nilipoandika lspci -nnk, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani pamoja na draiva zake, kwenye teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kadi ilijitaja yenyewe kuwa ni Broadcom BCM43142, yenye namba 14e4:4365, ila chini yake hapakuwa na mstari unaoonyesha draiva inayotumika. Kadi iliyojitaja kwa jina na namba ina uhai wa kutosha kustahili uchunguzi zaidi. Aina hiyo haihudumiwi na draiva huria za b43 na brcmsmac, bali huhitaji draiva iitwayo wl, ambayo Broadcom wenyewe waliitoa bila kufungua msimbo wake wote, na toleo lao la mwisho ni la mwaka 2015. Ndiyo maana wasambazaji wa Linux hulazimika kuitia viraka ili ikubaliane na kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na ndiyo maana kadi iliyokuwa ikifanya kazi jana inaweza kunyamaza leo baada ya mfumo kusasishwa.

Wengi hukwama hapo kwa kudhani kwamba bila Wi-Fi hawawezi kupakua draiva ya Wi-Fi. Simu ya Android yenye bando, ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa mtandao kupitia waya huo, huonekana kwenye Linux kama kadi ya mtandao wa waya, na kazi huendelea. Tuliipakua draiva kwa njia hiyo, lakini kerneli ikaikataa kwa sababu ulinzi wa Secure Boot ulikuwa umewashwa na draiva haikuwa na sahihi ya kidijitali inayotambulika. Tulisajili ufunguo wake kwenye ile skrini ya bluu inayojitokeza kompyuta inapowashwa upya, na orodha ya mitandao ikajaa. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Kadi nyingine huwa na draiva lakini hazina fimuwea, na hizo hujieleza kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Mstari unaosema kwamba fimuwea imeshindwa kupakiwa kwa kosa namba -2 maana yake ni kwamba faili halikupatikana mahali pake, basi. Waliozoea Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, za kabla ya toleo la 12, lililotoka Juni 2023, wanaukumbuka usumbufu huo, kwa kuwa diski zake rasmi za usakinishaji hazikuwa na fimuwea zisizo huria. Tena kuna kadi zilizozimwa tu kwa kitufe, jambo ambalo amri ya rfkill list hulionyesha mara moja.

Ninalosisitiza zaidi ni majaribio ya baada ya matengenezo, kwa sababu kushika mtandao kwa dakika moja mbele ya mteja hakuthibitishi kitu. Nashauri fundi aanze kwa kuipigia ruta yenyewe ping, yaani amri inayopima kama kifaa kingine kinajibu, si tovuti ya mbali, kwani jioni intaneti ya hapa mjini inapoelemewa ni rahisi kuilaumu draiva kwa makosa ya kampuni ya simu. Ping ikienda sawa hadi kwenye ruta na kukwama mbele ya hapo, kadi haina kesi. Baada ya hapo kompyuta ipakue faili kubwa, ifunikwe ilale, iamshwe, na iangaliwe iwapo inaushika mtandao tena bila kuwashwa upya, kwa maana draiva nyingi dhaifu huangukia hapo. Ikiwa mtandao unakatika kila kompyuta inapotulia, izimwe hali ya kubana umeme wa kadi kwa amri ya iw kabla ya kufikiria jambo jingine.

Hata anayelazimika kununua kadi ya USB asiamini jina lililo kwenye boksi. Bidhaa yenye jina lile lile inaweza kuwa na chipu moja katika toleo la kwanza na nyingine kabisa katika toleo la pili, na namba inayotolewa na lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, ndiyo ya kutafutia draiva.

Kwa hiyo nawaomba wateja wadai kuonyeshwa matokeo ya lspci au lsusb, dmesg na rfkill kabla ya kukubali kwamba kadi imekufa, na wenye maduka ya laptopu zilizotumika waruhusu mnunuzi kuiwasha mashine kwa flashi yenye Linux kabla ya kulipa, kwani jaribio hilo haligusi chochote kilichomo kwenye diski. Wakuu wa shule wanaopokea kompyuta za aina hiyo nao waliweke jaribio hilo katika masharti ya mapokezi, ili kadi isiyo na draiva igundulike muuzaji akiwa bado mlangoni.

Fundi wa kompyuta,
Isevya, Tabora