Kwa wauguzi chipukizi: kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Wanangu,

Nimestaafu baada ya kusimamia wodi kwa muda mrefu, na barua za kuacha kazi nimezipokea nyingi, baadhi zikitoka kwa vijana ambao hata mwaka hawajamaliza. Karibu zote husema "sababu binafsi". Ukimkalisha mwenye barua ukamsikiliza, unakuta ni zamu za usiku zinazofuatana, wagonjwa wengi kwa muuguzi mmoja, au mkubwa anayemfokea mbele ya wagonjwa. Hapo sababu ni ya binafsi kweli?

Kuhama si dhambi. Anayewaambia kwamba muuguzi mwaminifu hazeekei ila pale alipoanzia anatetea ratiba yake ya zamu. Mwaka 1993 watafiti Meyer, Allen na Smith, waliowachunguza wauguzi na wanafunzi wa uuguzi, walitenganisha mambo tunayoyachanganya kila siku: kuna anayebaki kwenye fani kwa kuipenda, anayebaki kwa kuogopa hasara ya kuondoka, na anayebaki kwa kuona ni wajibu wake. Tena kushikamana na fani si kushikamana na mwajiri. Basi jiulize unakimbia nini hasa: wodi, mwajiri, au uuguzi? Nimewaona waliochoshwa na wodi moja wakautupa uuguzi mzima.

Ila msiwe na pupa. Patricia Benner, muuguzi na mtafiti, alieleza mwaka 1984 kwamba muuguzi hupanda ngazi tano, na ile ya tatu, ya kumudu kazi, huifikia akishakaa miaka miwili au mitatu katika mazingira yanayofanana. Tazama chati za muuguzi mgeni, anayekisia bila kuhesabu: pumzi 20 kwa dakika, 20, 20, wodi nzima! Mzoefu husimama kando ya kitanda akahesabu dakika kamili. Anaona mgonjwa aliyekuwa na 16 asubuhi sasa ana 26, ingawa shinikizo la damu bado halijashuka, naye anamwita daktari mapema. Jicho hilo hulipati ukihama kila miezi sita. Muda wako mwingi utaishia kujifunza kabati la dawa liko wapi.

Miezi ya kwanza huuma hata mahali pazuri. Marlene Kramer, mtafiti wa uuguzi, aliuandikia kitabu mshtuko huo wa kuanza kazi tangu 1974, kwa hiyo usidhani ni udhaifu wako. Na tafadhali, barua ya kuacha kazi usiiandike asubuhi unapotoka zamu ya usiku. Lakini ukipigwa, usipolipwa, au ukilazimishwa kufanya usichofunzwa bila msimamizi, usisubiri miaka yoyote. Ondoka.

Unapokwenda kwenye usaili kwingine, nawe uliza. Usiku muuguzi mmoja huhudumia wagonjwa wangapi? Wiki za mwanzo nitafanya kazi chini ya nani? Aliyekuwa kwenye nafasi hii amekwenda wapi, na kwa nini? Wakilikwepa hilo la mwisho, endelea kutafuta.

Mama yenu, matroni mstaafu