Wenye laptopu za mtumba nao wacheze

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba asiye na kompyuta ya mamilioni asijisumbue na gemu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tanga. Laptopu nyingi zinazofika mezani kwangu ni za mtumba: ramu GB 4, kadi ya picha hakuna. Wenyewe huniuliza wacheze nini, nami huwaambia watafute Geneforge.

Mtunzi wake ni Jeff Vogel, Mmarekani wa Seattle aliyeanzisha kampuni yake ndogo, Spiderweb Software, mwaka 1994. Geneforge ya kwanza ilitoka 2001. Kwa sura haivutii, tusidanganyane: vijipicha vinavyotazamwa kutoka juu, muziki haba, maandishi tele. Mapigano ni ya zamu kama bao, kwa hiyo anayependa kubonyezabonyeza atachoka mapema.

Lakini hadithi yake! Chombo chako kinashambuliwa baharini, unajikuta kisiwa cha Sucia, kilichopigwa marufuku na Waumbaji, wachawi wanaotengeneza viumbe hai na kuvitumikisha. Wao walishaondoka zamani, watumishi wao wakabaki. Sasa wamegawanyika: wapo wanaowasubiri mabwana warudi, wapo wanaodai usawa, wapo wanaotaka kulipiza kisasi. Na wewe unayepita vijijini mwao ni mwanafunzi wa Waumbaji haohao. Upande wa kuunga mkono unauchagua mwenyewe, na mara nyingi maneno hukuvusha pale ambapo upanga ungekuponza. Halafu kuna mitungi inayokupa uwezo papo hapo. Ukiizidisha, mhusika wako anajaa kiburi na hasira, na hata mwisho wa hadithi hubadilika. Mpwa wangu alifungua kila mtungi aliouona, kisha akaja kulalamika mbona anagombana na watu.

Kiingereza chake ni kingi, kamusi iwe karibu. Toleo la majaribio ni la bure na lina sehemu kubwa tu ya mchezo. Anza na hilo kabla ya kutoa hela. Mwenye mashine yenye nguvu kidogo ajaribu lile lililotengenezwa upya mwaka 2021, Geneforge 1: Mutagen.

Nawe mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki unasifu mashine ambazo hapa mtaani hatuzioni. Tutengeeni hata safu moja ya gemu zinazokubali kwenye hizi tulizonazo.

Fundi wa kompyuta,
Tanga