YAH: MALALAMIKO KUHUSU PANYA WA UTAFITI WALIOLETWA NA KASORO YA RD8

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Maabara yetu iliagiza kwenu panya waliozimwa jeni ya Abca4, ambayo ikiharibika kwa binadamu huleta ugonjwa wa Stargardt, yaani upotevu wa uwezo wa kuona katikati, na katika hati ya oda tulieleza bayana kwamba wawe wa ukoo wa C57BL/6J. Cheti kilichokuja na mzigo kiliandikwa C57BL/6 tu, bila herufi ya mwisho, na nilipopiga simu nilijibiwa kuwa hilo ni suala la uandishi.

Si suala la uandishi. Tangu mwaka 2012 imechapishwa kwamba panya wa ukoo wa C57BL/6N, tofauti na wale wa C57BL/6J, hubeba rd8, yaani kupotea kwa herufi moja ya DNA katika jeni ya Crb1, na kwamba panya aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hupata mikunjo na madoa meupe kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), hasa upande wa chini. Tulipowapiga picha za ndani ya jicho wakiwa bado wadogo tuliyakuta madoa hayo hayo, ilhali panya wa Abca4 hulimbikiza lipofusini (mabaki ya uchafu ndani ya seli) taratibu na kupoteza seli polepole sana. Tukachukua vipande vidogo vya masikio na kupima kwa PCR, njia ya kunakili DNA ili kuichunguza: wote wana nakala mbili za rd8.

Panya hana makula, yaani sehemu ya katikati ya retina ambayo binadamu huitumia kuona vitu kwa undani, hivyo hata akiwa salama tunalazimika kuwa waangalifu tunapolinganisha jicho lake na la mgonjwa. Ikiongezeka kasoro ya pili isiyohusiana na Stargardt, hakuna awezaye kusema doa lipi limeletwa na jeni ipi, na dawa tunayoijaribu inaweza kuonekana imeshindwa kutibu kitu ambacho haikutengenezewa. Wanyama wenyewe, ambao kibali chetu cha maadili huwahesabu mmoja mmoja, wamepotea bure.

Naomba mtuletee majibu ya vipimo vya Crb1 vya panya wenu wa uzazi, mturejeshee gharama za ununuzi, usafirishaji na upimaji, na muwaarifu wateja wengine waliouziwa panya wa kundi hilo, maana huenda wapo wanaoandika matokeo yao hivi sasa. Pendekezo lenu la kutuletea wengine kutoka kundi lilelile silikubali. Oda yetu ya pili isimamishwe hadi majibu hayo yatufikie kwa maandishi.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Maabara ya Utafiti wa Retina